Omena Alipanda Mlima Lini?

Uliza watu wa soko la Kitale ugali na omena ni chakula cha nani, utajibiwa kabla hujamaliza swali: ni chetu, tangu zamani. Mama anayepima kwa gorogoro atasema hivyo. Kondakta anayesubiri matatu ya Bungoma ijae atamuunga mkono, na pengine aongeze kwamba babu yake alikula hivyohivyo na ndiyo maana aliishi miaka mingi. Sina ugomvi na utamu wa omena. Ninachotaka kukichunguza ni hilo neno "zamani", kwa sababu ni dai la kihistoria, na dai la kihistoria linaweza kukaguliwa.

Ukilikagua, unakuta jambo la kushangaza. Omena kwa wingi huu tunaouona leo, magunia kwa magunia, ni mchanga kuliko wengi wa akina nyanya wanaomuuza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400, na Kitale karibu 1,900. Samaki asiyefika urefu wa kidole chako amepanda zaidi ya mita 700 hadi sahani ya mtu wa Trans Nzoia, na hakupanda kwa hiari yake. Alisukumwa na reli, na mahindi, na samaki mwingine mkubwa aliyemwagwa ziwani na serikali ya kikoloni. Hiyo ndiyo hadithi ninayotaka kuisimulia, kwa sababu kitu tunachodhani kimekuwapo daima huwa hatukilindi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kenya tunamwita omena, neno la Kijaluo. Waganda humwita mukene, na Watanzania wa kando ya ziwa humwita dagaa. Hilo jina la dagaa ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu Mswahili wa pwani hulitumia kwa samaki wadogo wa baharini wanaotembea kwa makundi, wale wanaoanikwa Unguja na Kilwa. Kwa macho wanafanana: wembamba, wa rangi ya fedha, macho makubwa. Kwa ukoo ni mbali. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wa Kigoma, kweli ni jamaa wa samaki wa chumvi. Wazee wao walitoka baharini, ingawa wao wenyewe hawajawahi kuionja. Omena wetu hana undugu nao wa karibu. Ukoo wake ni ule wa ningu na samaki wa Ulaya anayeitwa carp, samaki wa maji baridi kutoka mwanzo. Jina lake la kisayansi ni Rastrineobola argentea, na hiyo "argentea" maana yake ni ya fedha. Mfaransa Jacques Pellegrin ndiye aliyempa jina la aina yake mwaka 1904.

Kwa hivyo inakuwaje samaki wa ukoo mwingine, katika maji mengine, awe na umbo lilelile na tabia zilezile za dagaa wa baharini? Jibu ni kwamba kazi ndiyo inayotengeneza mwili. Kazi ya hawa wote ni moja: kuishi katika maji ya wazi, mbali na mawe na majani ya kujificha, wakila vijidudu vidogo vinavyoelea. Mahali pasipo pa kujificha, unajificha kwa wenzako. Kundi la omena halina kiongozi. Kila mmoja anaangalia jirani zake wachache, na kwa mstari wa hisia ulioko ubavuni anahisi maji yakitikisika mwenzake anapogeuka, naye anageuka. Adui anapoingia, mbele yake hakuna samaki mmoja wa kumlenga, kuna fedha inayometameta kila upande. Anashindwa kuchagua.

Mchana omena hushuka chini, karibu na sakafu ya ziwa ambako mwanga ni hafifu. Usiku hupanda juu. Huko juu hukuta vijidudu vilivyopanda pia, na hukuta wadudu: wale nzi wa ziwa ambao huibuka kwa wingi hadi wanaonekana kama moshi mweusi juu ya maji. Hupevuka kabla ya kutimiza mwaka, hutaga, na wachache sana hufikia miaka miwili. Ni maisha mafupi, ya haraka, yenye watoto wengi. Kumbuka hilo la watoto wengi, maana ndilo lililomwokoa.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya omena kutawala, mtu wa bonde la Nzoia alikula samaki gani?

Alikula samaki waliomjia wenyewe. Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangani na Elgon, hupita Trans Nzoia, huporomoka Webuye, hupita Mumias na kuingia ziwani Budalangi. Kila msimu wa mafuriko, ningu waliacha ziwa na kupanda mto kwenda kutaga katika nyanda zilizofunikwa maji. Watu wa kando ya mto waliijua ratiba hiyo. Walijenga vizuizi vya miti, wakaweka mitego ya kusukwa, wakawangoja. Sehemu kubwa ya mwaka, kitoweo kilikuwa mboga za kienyeji, maziwa, maharagwe, kuku wa mgeni, na nyama siku zenye sababu. Ugali wenyewe ulikuwa wa wimbi na mtama. Mahindi, usisahau, ni mzaliwa wa Amerika.

Mambo mawili yakaja karibu pamoja. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo. Miaka minne baadaye, 1905, nyavu za makila, zile zinazosimamishwa majini kama ukuta, zikaingizwa katika ghuba ya Winam. Reli ilileta soko, nyavu zikaleta uwezo wa kulijaza. Mavuno ya ngege, samaki mtamu wa ziwa hili, yakaanza kushuka haraka kiasi kwamba serikali ilimleta mtaalamu kutoka Uingereza, Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilitaka matundu ya nyavu yawe na kipimo cha chini. Pia ilionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla-samaki kutoka Ziwa Albert ni jambo la kufanyiwa utafiti wa makini sana kwanza. Shika onyo hilo, tutalihitaji.

Ningu naye akapatwa. Nyavu zilitandazwa kwenye midomo ya mito, pale pale alipokuwa akipita na mayai tumboni. Mwaka 1965 mtafiti aitwaye D. A. Cadwalladr aliandika makala nzima kuhusu kupungua kwa ningu, na kuhusu jinsi mbinu za kienyeji za uvuvi katika Mto Nzoia zilivyodorora pamoja naye. Nikiisoma hoja hiyo naona haimhusu samaki peke yake. Samaki akiisha, ujuzi wa kusuka mtego wake nao huisha, na kizazi kinachofuata hakijui hata kwamba kuna kitu kilipotea. Ebu muulize kijana wa Webuye leo kama anajua samaki walikuwa wakipanda mto huu kwa msimu.

Wakati huohuo, juu mlimani, Kitale ilikuwa ikitengenezwa upya. Ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tawi la reli likafika Kitale mwaka 1926. Mashamba makubwa yalihitaji mikono, na mikono ilitoka magharibi, pamoja na Bungoma. Kibarua alilipwa pesa kidogo na posho, yaani unga wa mahindi. Ndivyo mahindi meupe yalivyohama kutoka kuwa zao la pembeni hadi kuwa chakula chenyewe. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapo Kitale mwaka 1956, na miaka ya 1960 mahindi chotara yakaanza kuenea kwa wakulima wadogo. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yakakatwakatwa, familia nyingi kutoka Bungoma, Kakamega na kwingineko zikanunua au kugawiwa vipande, na ugali mweupe ukawa jambo la kila jioni.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1970 sahani ilikuwa nusu tayari. Ugali ulikuwapo, mwingi na wa bei nafuu. Kilichokosekana ni kitoweo cha bei hiyohiyo. Ng'ombe hawakuongezeka kama watu walivyoongezeka, ningu alikuwa ameondoka mtoni, na ngege alikuwa ghali.

Hapo ndipo mbuta anaingia.

Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, ni mla-samaki anayeweza kumzidi mtu mzima kwa uzito. Hakuwa wa Ziwa Victoria. Alianza kutiwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, kimyakimya, na mwaka 1962 na 1963 akatiwa rasmi, licha ya wanasayansi waliopinga. Waliotaka atiwe walikuwa na hoja inayosikika vizuri: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi wasio na soko, basi tuwageuze kuwa samaki mmoja mkubwa mwenye nyama. Kwa karibu miaka 20 haikuonekana jambo kubwa. Kisha, kuelekea mwaka 1980, upande wa Kenya mbuta akalipuka. Furu, ambao walikuwa na aina mamia kadhaa zisizopatikana penginepo duniani, wakaanguka. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba aina kama 200 zilipotea. Watu wa biolojia wanasema ni mojawapo ya kutoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo kukubwa kabisa kuwahi kushuhudiwa katika maisha ya binadamu mmoja. Tulikuwa na nyavu, vitabu na vyuo vikuu, na bado ikatokea mbele ya macho yetu.

Mbuta alikula omena pia. Kwa nini basi furu akaisha na omena akaongezeka?

Rudi kwenye watoto wengi. Furu jike hutaga mayai machache, huyabeba mdomoni na kuyalinda hadi yaanguliwe. Ni malezi mazuri sana dunia ikiwa imetulia. Adui akiingia, mama mmoja akimezwa, kizazi chake kizima kimemezwa naye. Omena hana malezi hayo. Hutaga, huenda zake, na wale wanaosalia wanapevuka upesi. Pili, furu wengi waliishi kwa kula vijidudu vilevile vinavyoelea ambavyo omena anakula. Walipotoweka, meza yao ikabaki imeandaliwa na mlaji mmoja tu. Mtu angeweza kusema omena alirithi ziwa.

Lakini hakurithi bure. Timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, iliyokuwa ikifanya kazi Mwanza tangu miaka ya 1970, ililinganisha omena wa kabla ya mbuta na wa baada yake. Walikuta omena anapevuka akiwa mdogo zaidi kuliko zamani. Anakula pia vitu vya sakafuni ambavyo awali hakuvitegemea, kama vile uduvi wa ziwa. Hata matamvua, viungo anavyopumulia, yalikuwa yamebadilika, na maji ya chini ya ziwa yalikuwa yamepungukiwa na hewa. Ndani ya miaka isiyofika 20, mwili wake uliandika historia ya ziwa.

Na kuna ndege katika hadithi hii. Mdiria mweusi na mweupe, yule anayepigapiga mbawa hewani kabla ya kujitosa, alikuwa akila furu kando ya Mwanza. Furu walipopotea akahamia kwa omena. Shida ni kwamba omena ni mdogo zaidi, kwa hivyo ilimbidi ndege huyo avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Nilipolisoma jambo hili nilitua kidogo. Kwa maana ni kitu kilekile kilichotokea kwetu, miaka ileile. Mtu wa Bungoma na mdiria wa Mwanza walibadilisha menyu pamoja, kwa sababu moja, bila kuulizwa na yeyote.

Sasa ziwa lina samaki wawili wa biashara, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Tazama walivyoachana njia. Mbuta alihitaji barafu, kiwanda na ndege. Viwanda vikajengwa Kisumu, Jinja, Mwanza. Minofu ikasafirishwa Ulaya. Kilichobaki kwa wenyeji ni kichwa na mifupa, ambayo mtaani tukaipa jina la mzaha mchungu: mgongo wazi. Kati ya 1997 na 2000 Ulaya ilifunga soko lake zaidi ya mara moja kwa sababu za usafi na sumu, na mvuvi wa Uyoma au Budalangi akajifunza kwamba riziki yake inaamuliwa na mtu asiyemjua.

Omena yeye alihitaji jua tu. Anavuliwa usiku, anaanikwa asubuhi kwenye nyavu kuukuu au mchangani, na siku ikiwa na jua zuri anakauka kabla ya magharibi. Samaki mkavu havundi haraka, hahitaji umeme, hajali lori likikwama Chwele. Anabebwa kwenye gunia juu ya matatu, anauzwa kwa kikombe, na mtu mwenye sarafu mbili tatu hatoki sokoni mikono mitupu. Toka Sio Port na Port Victoria, kupitia Busia, hadi Bungoma. Toka Mbita na Homa Bay kupitia Kisumu hadi Kitale. Ndivyo alivyopanda mlima. Alikuta ugali unamngoja.

Kitale, kwa haki, ina mlango wa pili. Barabara ya Lodwar huleta samaki wakavu wa Ziwa Turkana, na wapo wanaowapenda kuliko wote. Lakini kwa bei na kwa wingi, omena ndiye aliyeshika jiko la mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe. Uvuvi wa omena hufuata giza. Wavuvi huweka taa juu ya maboya, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za sola, wakaziacha zielee. Mwanga unavuta wadudu na vijidudu, omena wanawafuata, na kundi likikusanyika nyavu inazungushwa. Ile tabia ya kukaa pamoja, iliyowakinga dhidi ya mbuta, ndiyo inayowauza kwa binadamu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, na wengi hukaa nchi kavu. Kwa hivyo ukiona omena wamepungua sokoni Kitale na bei imepanda, kabla hujamlaumu muuzaji, inua macho juu usiku huo. Halafu kuna kufungwa kwa uvuvi: Kenya kwa kawaida hufunga uvuvi wa omena Aprili hadi Julai ili wazaane, na miezi hiyo gunia nyingi huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye gorogoro. Mvuvi ni mwanamume, mkaushaji na mchuuzi mara nyingi ni mwanamke. Samaki wanapokuwa wachache kuliko wanunuzi ufuoni, wapo wavuvi wanaodai mwili kabla ya kuuza. Ukanda wa ziwa una jina la biashara hiyo, jaboya, na imechangia kusambaa kwa virusi vya ukimwi katika kaunti ambazo tayari zilikuwa na mzigo mkubwa. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, kaunti ya Kisumu, walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili wasiombe mtu samaki. Nalitaja hili kwa sababu sisi wa juu tunaonunua kikombe hupenda kusema omena ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Sasa tufike penye uchungu wa leo. Sisi watu wa magharibi tuna sifa moja nchini: kuku. Utani wa Mluhya na ingokho hauishi, na wengine wetu tunauendeleza kwa fahari. Basi sikia: sehemu kubwa ya omena anayevuliwa haifiki kwenye sufuria ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha kuku, nguruwe, mbwa na samaki wa kufugwa. Miji ilipokua na kila mtu kutaka kuku wa wiki sita na mayai ya kila asubuhi, viwanda vya malisho vilihitaji protini, na protini ya bei nafuu ilikuwa ikianikwa ufuoni. Leo mama wa Kibomet mwenye watoto wanne anashindana kwenye mnada na kuku. Na kuku ana mfuko mkubwa kuliko wake.

Haya si mapya duniani. Peru ilikuwa na dagaa wa baharini, anchoveta, waliovuliwa zaidi ya tani milioni 12 kwa mwaka mmoja, 1970. Karibu wote walisagwa kulisha kuku na nguruwe wa nchi tajiri. Kisha maji yakapata joto la El Niño, uvuvi haukupunguzwa mapema, na mwaka 1972 wakaanguka. Senegal na Gambia leo wananung'unika kuhusu viwanda vya unga wa samaki vinavyomeza dagaa waliokuwa kitoweo cha maskini. Kila mahali samaki mdogo wa makundi hupatwa na yaleyale: ni mwingi mno hadi watu wanaacha kumhesabu kama chakula.

Na ni chakula kuliko vingi. Mbuta unakula mnofu wake. Omena unamla mzima, kichwa, mifupa na macho yote yanayokutazama kutoka kwenye sahani. Kalsiamu iko kwenye mifupa ile. Madini ya chuma na vitamini A vimo katika sehemu ambazo kwa samaki mkubwa tunazitupa. Kwa mtoto anayeshiba ugali kila siku lakini haongezeki, kijiko kimoja cha omena kina maana kuliko minofu inayopandishwa ndege.

Tunaweza kusema mambo ya ziwa ni ya watu wa ziwa. Hapo ndipo Nzoia inatukatalia. Mvua ikinyesha Cherangani na mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, udongo mwekundu na mbolea tuliyoweka huteremka na mto hadi Budalangi, halafu ziwani. Nzoia si mto pekee unaofanya hivyo, na miji ya kando ya ziwa ina uchafu wake. Lakini mchango wetu umo. Virutubisho hivyo hustawisha mwani; mwani ukifa na kuoza chini, hewa ya majini hupungua. Gugu maji, lililoingia ziwani karibu na mwaka 1990, nalo linapenda maji yenye mbolea. Omena amevumilia hadi sasa. Amepunguza umri wa kupevuka, amebadilisha chakula na jinsi ya kupumua. Mwili una mahali unapofikia mwisho wa kujipunguza.

Kwa hivyo naomba tuache kusema "tangu zamani". Neno hilo linatufariji, lakini linamwondoa omena katika historia na kumweka pamoja na milima, kana kwamba hawezi kuondoka. Historia inasema vingine. Ningu alikuwa "tangu zamani" kwa watu wa Nzoia, na kizazi kimoja kikatosha kumsahau. Ugali na omena ni sahani ya karibu miaka 40 au 50, iliyounganishwa na ajali na uamuzi wa watu: mahindi ya posho, reli, barabara, na mbuta aliyetiwa ziwani wakati ripoti ya kumwonya mtiaji ilikuwa imekaa kabatini zaidi ya miaka 20.

Kilichojengwa na uamuzi wa watu hubomolewa na uamuzi wa watu. Nani ale kwanza, mtoto au kuku, ni uamuzi. Kuheshimu ile miezi minne ya kufunga uvuvi ni uamuzi. Mkulima wa Kitale kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto badala ya kulima hadi ukingoni ni uamuzi pia, na huyo hajawahi hata kuliona ziwa. Maji yake yalifika huko kabla yake, na omena aliyekula jana usiku alikua ndani ya maji hayo.